Nyuzi 90 na sauti isiyoalikwa

Umeme wa fezi tatu unaoingia kwenye mashine ya kusaga ni mawimbi matatu yanayofuatana, kila moja likiwa nyuma ya mwenzake kwa nyuzi 120. Hakuna anayeshangaa. Koili za jenereta zimepangwa hivyo kwenye duara la chuma, na kwa kuwa masafa hayabadiliki, mizunguko 50 kwa sekunde usiku na mchana, nyuzi 120 hubaki nyuzi 120. Shida huanza mtu anapotaka kufanya jambo la namna hiyo kwa sauti ya muziki. Ngoma, filimbi na mwimbaji hupita kwenye waya mmoja kwa wakati mmoja, kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, naye mtengeneza sinthesaiza anataka nakala mbili za sauti hiyo zilizopishana kwa nyuzi 90, yaani robo ya wimbi, katika kila masafa yaliyomo. Kwa wimbi moja lenye masafa mamoja, kapasita na rezista zinatosha. Kwa yote kwa pamoja haiwezekani, na hesabu zimeshathibitisha hivyo: saketi kamilifu ya nyuzi 90 ingelazimika kuanza kutoa jibu kabla sauti yenyewe haijafika.

Walioanza kuhangaika na robo hiyo ya wimbi walikuwa watu wa simu na redio, na muziki haukuwemo akilini mwao. Mwaka 1915 John Carson, mhandisi wa kampuni ya AT&T huko Marekani, alitazama hesabu za redio akaona upotevu mkubwa. Sauti inapopandishwa juu ya wimbi la kuibeba, hutoa nakala mbili pembeni mwa wimbi hilo, moja juu na nyingine chini, na kila moja ina ujumbe wote. Kwa nini kupeleka zote mbili? Tupa moja, na ulitupe na wimbi lenyewe, nguvu yote iende kwenye kile kinachosikilizwa. Simu ya redio iliyounganisha New York na London kuanzia Januari 7, 1927 ilifanya kazi kwa njia hiyo, na nakala isiyotakiwa iliondolewa kwa filta kali.

Njia ya pili ya kuitupa ilitoka kwa Ralph Hartley, aliyepata hataza yake mwaka 1928. Hartley hakutumia filta. Aligawa sauti katika nakala mbili zilizopishana kwa nyuzi 90, akaligawa na wimbi la kubeba vivyo hivyo, akazidisha kila jozi kivyake, kisha akajumlisha matokeo. Katika kujumlisha, upande mmoja hukutana na mwenzake na kuongezeka. Upande wa pili hukutana na kinyume chake na kujifuta. Ukitoa badala ya kujumlisha, pande hubadilishana. Ni njia nzuri mno, ila inadai zile nyuzi 90 kwa sauti nzima, na wakati wa Hartley hakuna aliyejua namna nzuri ya kuzipata.

Mtu aliyefungua mlango alikuwa Robert Dome wa General Electric, katika makala aliyoichapisha Desemba 1946 kwenye jarida la Electronics. Wengi walikuwa wameng'ang'ania kuiacha nakala moja ya sauti kama ilivyo na kuisogeza ya pili kwa nyuzi 90. Dome aliziacha zote mbili zisogee. Nakala moja inapita kwenye mnyororo mmoja wa saketi, ya pili kwenye mnyororo mwingine, na fezi ya kila mmoja, yaani kiasi cha nyuzi ambacho wimbi limesogezwa, inazunguka kadiri masafa yanavyopanda. Hakuna hata mmoja unaotoa nyuzi 90 za uhakika. Lakini ukipanga thamani za kapasita na rezista ipasavyo, tofauti kati ya minyororo hiyo miwili hubaki karibu na 90 kwenye eneo pana la masafa. Kwa maoni yangu Dome hapewi sifa anayostahili. Watu wa sinthesaiza hulitaja jina lake wanaposema "filta ya Dome" bila kujua kwamba alikuwa mtu.

Muda si muda wakafuata wanahesabu. Sidney Darlington wa Bell Labs, H. J. Orchard na W. Saraga walichapisha kazi zao mwaka 1950, wakaonyesha namna ya kuchagua thamani ili kosa lisirundikane mahali pamoja. Fezi inapanda kidogo juu ya 90, inashuka kidogo chini yake, inapanda tena, na vilele vyote vina kimo kimoja. Ukitaka vilele vifupi zaidi, ongeza hatua katika mnyororo. Ukitaka eneo pana zaidi kwa hatua zilezile, kubali vilele virefu. Kosa lenyewe haliondoki. Unachoweza kuchagua ni ukubwa wake na mahali litakapokaa.

Kwa watu wa redio ilitosha. Maneno ya mtu hueleweka vizuri kati ya hezi 300 na 3,000, na kwa eneo hilo minyororo mifupi ilitosha. Nchini Marekani katika miaka ya 1950, mpenzi wa redio aliweza kununua mtandao wa fezi uliokwisha kupimwa kiwandani, umefungwa ndani ya kopo lenye miguu, akauchomeka kwenye soketi kama vali. Aliyewahi kukaa karibu na redio kol ya masafa mafupi, zile za hospitali za misheni au za hifadhi za wanyama, huenda amesikia matunda ya kazi hiyo bila kujua. Kitufe cha kutafutia stesheni kikikaa kombo kidogo, anayeongea upande wa pili husikika kama bata. Masafa yote ya sauti yake yamehama kwa kiasi kilekile, na uwiano kati yake umevunjika. Opereta huona ni usumbufu. Watunzi wa muziki walioisikia sauti ya namna hiyo walitaka kuishika.

Kifaa walichokuwa nacho kwanza kilikuwa ringi modulata, na mtunzi Karlheinz Stockhausen alipitisha makundi ya ala za okestra ndani yake katika Mixtur ya mwaka 1964. Ringi modulata huzidisha sauti mbili. Ingiza hezi 440 na hezi 100, nazo zinatoka 540 na 340, jumla na tofauti, kila mara zote mbili. Kwa sauti yenye vipashio vingi, yaani masafa mengi kwa pamoja, kila kipashio huzaa viwili, na muda si mrefu panakuwa na vurugu ya kengele na mabati. Kifaa walichokitaka, kihamisha masafa, kinatoa 540 peke yake. Kipe sauti yenye vipashio vya 100, 200 na 300, kiambie kiongeze 30, nacho kinatoa 130, 230 na 330. Hiyo ni tofauti na kupandisha sauti kama mwimbaji anavyobadili ufunguo, kwa sababu uwiano wa moja kwa mbili kwa tatu umetoweka. Kinanda kinakuwa kengele, na kengele inakuwa kitu kisicho na jina.

Huko Baden-Baden, Ujerumani, wahandisi wa redio Heck na Bürck walieleza mwaka 1956 mashine ya kufanya hivyo kwa filta. Sauti hupandishwa hadi masafa ya juu, upande mmoja hukatwa, kisha unaobaki hushushwa kwa kiasi tofauti kidogo. Udhaifu wa njia hiyo uko kwenye besi. Chukua sauti ya hezi 40 juu ya wimbi la hezi 20,000: pande zake ni 20,040 na 19,960, zimeachana kwa hezi 80 tu. Filta inayoweza kuukata mmoja na kuuacha mwingine bila kuugusa ni ngumu sana kutengeneza. Kwenye simu hilo si tatizo, maana hakuna anayeongea kwa hezi 40. Gitaa la besi linashuka hadi hapo.

Harald Bode aliijua hali hii vizuri. Alizaliwa Hamburg mwaka 1909, akatengeneza vinanda vya umeme tangu miaka ya 1930, na Melochord yake ya mwaka 1947 ilikuja kutumika katika studio ya muziki wa elektroniki ya Cologne. Mwaka 1954 alihamia Marekani. Kati ya 1959 na 1960 alijenga mfumo wa kubadili sauti uliogawanyika katika moduli, kila moja na kazi yake, zikiunganishwa kwa namna yoyote fundi anayotaka. Mtengeneza sinthesaiza Robert Moog, aliyeanza kutengeneza moduli zake mwaka 1964, alikuwa miongoni mwa waliofaidika na wazo hilo. Katika miaka hiyohiyo Bode alijenga vihamisha masafa, na Vladimir Ussachevsky wa kituo cha muziki wa elektroniki cha Columbia-Princeton akawa miongoni mwa watunzi waliovihitaji. Kampuni ya Moog ikavitengeneza kwa leseni, na jina la Bode likaandikwa kwenye paneli. Mwaka 1972 wawili hao waliandika pamoja, katika jarida la Audio Engineering Society, juu ya kihamisha masafa cha usahihi wa juu kwa matumizi ya studio.

Neno "usahihi" katika kichwa cha makala yao si pambo. Tuingie ndani ya kisanduku tuone kwa nini.

Kila hatua ya mnyororo ni saketi ya olipasi: hupitisha masafa yote kwa nguvu ileile, lakini huchelewesha fezi, kuanzia sifuri kwenye masafa ya chini kabisa hadi nyuzi 180 kwenye ya juu. Kati ya hapo kuna masafa mamoja ambapo ucheleweshaji ni nyuzi 90, na mahali hapo huamuliwa na kapasita moja na rezista moja. Muziki unahitaji eneo lenye upana wa mara elfu, hezi 20 hadi 20,000, wakati watu wa redio walihitaji mara kumi tu. Kwa hiyo hatua huongezeka, nne au sita kila upande. Kwenye saketi ya hatua sita kila upande kuna kapasita 12 na rezista 12 zinazopaswa kuwa na thamani halisi zilizokokotolewa, na thamani hizo haziuzwi dukani. Juu ya hapo kila hatua ina rezista nyingine mbili ambazo lazima zilingane. Zisipolingana, olipasi huanza kupitisha masafa mengine kwa nguvu zaidi.

Sasa kosa. Kapasita ikikosea kwa asilimia 1, fezi ya hatua hiyo hupotoka kwa nyuzi 0.57 mahali inapohisi zaidi. Ikikosea kwa asilimia 5, kama kapasita nyingi za kawaida zinavyoruhusiwa, upotovu unakaribia nyuzi 3, kabla hujaongeza makosa ya hatua nyingine. Nalo kosa la fezi hugeuka moja kwa moja kuwa sauti isiyoalikwa, yaani ule upande uliopaswa kujifuta. Tofauti ikiwa nyuzi 91 badala ya 90, sauti hiyo iko desibeli 41 chini ya ile inayotakiwa. Ili ishuke hadi desibeli 61, kosa lisizidi sehemu moja ya kumi ya nyuzi moja, katika upana wote. Nguvu nazo zinahusika: minyororo miwili ikitofautiana kwa asilimia 1 tu, huwezi kushuka zaidi ya desibeli 46 hata fezi ikiwa safi kabisa.

Mtu anaweza kusema desibeli 41 zinatosha, nani atasikia? Atasikia, hasa anapohamisha kwa kiasi kidogo. Ongeza hezi 1 kwenye noti ndefu ya filimbi. Sauti inayotakiwa imepanda kwa 1, isiyoalikwa imeshuka kwa 1, na hizo mbili hugongana mara mbili kwa sekunde. Filimbi iliyopaswa kuteleza taratibu inaanza kutikisika. Pia wimbi la kubeba huvuja pale vizidishi visipokuwa na mizani, likasikika kama mluzi mwembamba wakati mwanamuziki amenyamaza. Kwa sababu hiyo mashine nyingi ziliwekewa saketi ya kufunga mlango sauti inapokosekana. Halafu kuna joto. Saketi iliyopimwa asubuhi kwenye chumba baridi si ileile baada ya saa tatu jukwaani.

Nusu ya pili ya kazi ni wimbi la kuhamishia lenyewe, nalo linatakiwa katika nakala mbili zenye nyuzi 90 kati yake. Hapa masafa ni mamoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu angedhani ni rahisi. Lakini mwanamuziki anataka kulizungusha kwa kitufe kuanzia chini ya hezi 1 hadi maelfu, apite sifuri na kwenda upande wa hasi bila kusikia mkato, na yote hayo kwa volteji kutoka kwenye kibodi. Dawa ilipatikana katika ujanja wa zamani wa redio. Chukua wimbi la juu lisilobadilika na uligawe nyuzi 90 mara moja tu, pale pale lilipo, ambapo kapasita moja inatosha. Kisha ligonganishe na wimbi la pili linalobadilika. Tofauti zinazotoka zinabeba nyuzi 90 zilezile hata zikiwa hezi chache sana, na wimbi la pili likivuka la kwanza, mzunguko hugeuka upande wenyewe.

Si kila matumizi yalidai usahihi huo. Huko Bell Labs, Manfred Schroeder alionyesha mwaka 1964 kwamba kuhamisha sauti ya maikrofoni kwa hezi chache, kama 5 hivi, huchelewesha ule mluzi mkali wa spika ambao kila aliyehudhuria mkutano wa hadhara au ibada yenye vipaza sauti anaujua. Sauti inayorudi kwenye maikrofoni haikuti tena kilele kilekile cha mwangwi wa chumba. Kwa kazi hiyo kosa dogo la fezi halimsumbui mtu yeyote.

Wapo hata waliofaidika na kosa lenyewe. Mjapani Fumio Mieda alitengeneza kifaa cha kubadili sauti kiitwacho Uni-Vibe mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa hatua nne za olipasi, taa ndogo katikati inayopumua, na vipokea-mwanga vinne vinavyoizunguka. Kapasita zake nne zina thamani zilizoachana mbali makusudi. Fezi inayotoka hailengi popote. Inachanganywa na sauti asilia ili masafa fulani yajifute na mengine yasijifute, na matundu hayo yakisogea sikio linahisi kitu kinazunguka. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alikipeleka kwenye tamasha la Woodstock mwaka 1969. Ni tofali lilelile la Dome na Bode, na hapa kila kapasita ya bei rahisi inafanya kazi nzuri. Mara nyingi nimeona watu wakiichanganya Uni-Vibe na kihamisha masafa kwa sababu vyote vinahusu fezi. Fezi ya Uni-Vibe inahukumiwa kwa utamu. Ya Bode inahukumiwa kwa desibeli.

Tukirudi kwenye kuutupa upande usiotakiwa, mbali na filta na njia ya Hartley, njia ya tatu ilikuwapo pia. Donald Weaver aliichapisha mwaka 1956, na inakwepa kabisa mtandao mpana wa nyuzi 90: sauti hukunjwa katikati ya eneo lake, hupitishwa kwenye filta mbili zinazofanana, kisha hukunjuliwa mahali pengine. Lakini Weaver hakulifuta kosa, alilihamisha. Mabaki yake huangukia ndani ya eneo lilelile la sauti, yakiwa yamepinduliwa juu chini, na uvujaji wake hutokea katikati kabisa, pale sikio linapohisi zaidi. Kwa redio ni sawa. Kwa sinthesaiza ya analogi iligeuka kuwa balaa jingine.

Bode alianzisha kampuni yake, Bode Sound, huko North Tonawanda karibu na Buffalo, akaendelea kuuza vihamisha masafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatoa fyeza, kifaa cha jamii ya Uni-Vibe, ambayo sauti yake hupanda bila kufika popote, nayo ndani yake ilikuwa na kihamisha masafa. Alifariki mwaka 1987. Mashine zake zilikuwa za studio na vyuo vikuu, ghali mno kwa mtu wa kawaida.

Mtu wa kawaida alisaidiwa na Bernie Hutchins, aliyeanza mwaka 1972 kutoa jarida la Electronotes huko Ithaca, New York. Jarida hilo lilieleza saketi za sinthesaiza kwa hesabu kamili, mitandao ya nyuzi 90 ikiwemo. Mafundi wa nyumbani nao walijipatia utaratibu wao. Huwezi kupata kapasita 12 zenye thamani unayotaka, basi nunua nyingi za thamani moja, za polistairini kwa kuwa hazibadiliki sana kwa joto. Zipime moja moja kwa mita, andika namba ya kila moja kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwenye mguu wake. Halafu rudi kwenye hesabu na ukokotoe rezista upya kwa kila hatua kulingana na kapasita uliyonayo mkononi, uunganishe rezista mbili za asilimia 1 hadi namba itimie. Na wakati wa kuchomelea, mguu ushikwe na koleo jembamba, maana polistairini ni plastiki na pasi ya solda ikikawia inayeyuka. Utakuwa umepoteza jioni nzima ya vipimo.

Mjerumani Jürgen Haible, aliyefariki mwaka 2011, aliendeleza desturi hiyo kwa kutoa michoro ya vihamisha masafa ambayo wajenzi wa nchi nyingi waliifuata. Kampuni ya Doepfer ikaleta moduli ya A-126 katika mfumo wake mdogo wa Eurorack. Saketi zikawa ndogo, rezista za asilimia 1 zikawa za bei ya kawaida, lakini hesabu za Darlington na mwiko wa nyuzi 90 vilibaki vilevile.

Kompyuta ndiyo iliyoliondoa tatizo la kapasita. Ndani ya programu, olipasi ni namba chache za kuzidisha na kujumlisha. Namba haipati joto wala haizeeki, na mnyororo wa leo asubuhi ni sawa kabisa na wa mwaka ujao. Huko IRCAM, kituo cha utafiti wa muziki cha Paris, mnamo 1982 Emmanuel Favreau aliandika mtandao wa aina hii kwa mashine ya 4X iliyobuniwa na Giuseppe di Giugno. Ni minyororo miwili, kila mmoja ukiwa na sehemu mbili tu. Vilele vya kosa bado vimo kwa sababu hesabu haijabadilika, ila sasa viko pale alipoviweka mwandishi, na havitoki hapo.

Namba za Favreau zimo ndani ya Pure Data, programu ya bure ya Miller Puckette, katika kifaa kiitwacho hilbert~. Msomaji mwenye kompyuta yoyote ya kawaida, awe Mwanza, Mombasa au Bujumbura, anaweza kukifungua, akaziona namba zenyewe, akaingiza sauti yake na kuihamisha kwa hezi 30. Akishazoea, abadili namba moja ya mwisho kwa asilimia 1, ahamishe kwa hezi 1 tu, na asikilize mtikisiko ukianza.